Deni Lisilotajwa Halifutwi: Mwongozo Kamili wa Kufundisha na Kutenda Msamaha Kanisani

Jumapili mchungaji anawaita mbele washarika wawili wasiosalimiana. Wanashikana mikono, kwaya inaitikia kwa pambio, akina mama wanapiga vigelegele. Jumatano mmoja haonekani jumuiyani. Mwezi ukiisha, amehamia kanisa la jirani pamoja na watoto wake.

Kilichoharibika hapo si mioyo ya wale wawili. Ni kwamba hakuna aliyeuliza mmoja anamdai mwenzake nini. Wanaosali kwa Biblia ya Muungano husema kila siku "utusamehe deni zetu", na Wakatoliki husema "utusamehe makosa yetu". Mathayo aliandika neno la deni, na kwa kufundishia ndilo lenye msaada zaidi, kwa sababu deni lina mdai, mdaiwa na kiasi. Huwezi kufuta usichokihesabu.

Mwongozo huu ni kwa wachungaji, mapadre, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya. Kabla ya kuufundisha, kubalianeni ninyi wenyewe kwamba kuna mambo matatu yanayochanganywa kuwa moja. Kusamehe ni mdai kuachilia kisasi, na anaweza kufanya hivyo peke yake, hata kama mwenzake amekufa au hajatubu. Kupatana kunahitaji wote wawili. Kuaminiwa tena kunahitaji muda na ushahidi. Kanisa likidai yote matatu siku moja, huwa linapata la nne, yaani unafiki.

Yasiyoanzia kwenye kikao cha wazee

Tunaanza na hili kwa sababu ndipo makanisa yanapoumiza watu zaidi. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, mke anayepigwa, mtu anayetishiwa kuuawa: hawa hawaitwi kusuluhishwa. Wanapelekwa kwanza mahali salama, hospitalini na polisi.

Muda una maana kubwa hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Tukio la Alhamisi usiku likisubiri "wazee wakae Jumapili baada ya ibada", saa 72 zinaishia mikononi mwa kanisa. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Namba 116 ya msaada kwa watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya pia. Kenya kuna na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Ziandikeni kwenye ubao wa matangazo, si kwenye daftari la katibu.

Neno la kulikataa hapa ni "tuyamalize kifamilia". Mkosaji akileta mbuzi wawili na bahasha kwa baba wa mtoto, amemlipa asiyemdai. Mdai ni mtoto. Na mke anayepigwa msimkalishe mbele ya mumewe aeleze yanayomsibu, maana alichokisema mchana atakilipia usiku.

Msamaha hauondolewi katika mambo haya. Unaweza kuja, pengine baada ya miaka, na ukaja wakati mkosaji yuko gerezani. Haukai mahali pa mahakama.

Majuma sita ya kufundisha

Kwaresima inafaa sana kwa kazi hii, lakini majuma yoyote sita mfululizo yanatosha. Kipindi cha jumuiya kiwe saa moja: dakika 10 za wimbo na sala, 15 za somo, 25 za mazoezi ya wawili wawili, 10 za maswali. Waalimu wengi hula dakika za mazoezi kwa kuhubiri. Wakifanya hivyo, watu wataondoka wanajua mistari bila kujua waanzeje kusema.

Juma la kwanza, hesabu. Someni Mathayo 18:21-35, mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 na mfalme, kisha akamkaba mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, kwa dinari 100. Someni mkiwa na kalamu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angeilipa kwa miaka 200,000. Hapo darasa hucheka. Sasa waambie wahesabu na lile deni la pili, dinari 100. Kama kibarua mtaani kwenu analipwa shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni milioni moja. Hakuna atakayecheka tena. Mahubiri mengi huliita deni la pili "dogo". Ukilinganisha na la kwanza ni dogo, lakini ni jasho la zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema mjoli hakudaiwa kitu. Mfundishe hivyo, na aliyedhulumiwa ataanza kukusikiliza.

Juma la pili ni Yusufu, na ni somo la muda. Ana miaka 17 habari zake zinapoanza (Mwanzo 37:2), ana 30 anaposimama mbele ya Farao (41:46), kisha kuna miaka saba ya shibe na miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake (45:6). Jumla ni kama miaka 22. Na hajitambulishi siku ya kwanza. Anawapima, mpaka Yuda anapojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini (44:33). Yakobo anaishi Misri miaka 17, anakufa, na ndugu wale bado wanaogopa kulipiziwa kisasi (50:15). Zoezi: kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja dogo lililomchukua muda kulisamehe. Sisitizeni dogo. Msifungue majeraha makubwa kwenye darasa la watu 20.

Juma la tatu ni toba na malipo, kwa Zakayo (Luka 19:8) na Walawi 6:1-7, ambapo aliyedhulumu anarudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Somo hili tunalirudia chini kwa urefu, kwa sababu ndilo linalokosekana.

Juma la nne ni hatua za Mathayo 18:15-17: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Kwetu hatua hizi hugeuzwa kichwa chini miguu juu. Jambo huanza kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na kuishia kwa mhusika mwenyewe, akiwa wa mwisho kusikia. Jipeni kanuni rahisi: anayekuletea malalamiko juu ya mtu, muulize kwanza, "Umemwambia mwenyewe?" Akisema hapana, na si katika yale mambo ya hatari yaliyotajwa juu, mwombee na umrudishe huko.

Juma la tano, mipaka. Daudi alimwacha Sauli hai mara mbili (1 Samweli 24 na 26), lakini hakurudi kuishi naye. Sauli alimwita arudi, Daudi akaenda zake, na sura inayofuata amekimbilia kwa Wafilisti. Kwa wanaoambiwa "kama umesamehe kweli mbona hurudi?", hii ndiyo sura yao.

Juma la sita, Mathayo 5:23-24, sadaka iliyoachwa madhabahuni. Tangazeni Meza ya Bwana majuma mawili mbele, ili watu wapate nafasi ya kwenda kwa wenzao kabla ya ibada. Ukisema siku ileile, wataminyana mikono kwenye mabenchi na kumaliza.

Watapinga kwa mistari miwili, mjiandae. Luka 17:3 inasema ndugu "akitubu" umsamehe, wakati Marko 11:25 inasema usimamapo kusali usamehe, bila kutaja toba. Jibu linalofanya kazi darasani ni kwamba Marko anazungumzia moyo wa anayesali na Luka anazungumzia uhusiano. Moyo unaweza kuachilia leo. Uhusiano unamsubiri mkosaji.

Kuomba msamaha: maneno yenyewe

Kiswahili kina adabu nyingi, na adabu hiyo ni maficho mazuri. "Pole" si kuomba msamaha. Unampa pole hata aliyenyeshewa na mvua. "Samahani" tunaitumia kupita mbele ya watu. "Yaishe" ni amri. "Yaliyopita si ndwele" ni methali ya kusemwa na aliyeumizwa, si na aliyeumiza. Na "shetani alinipitia" inamleta kikaoni mshtakiwa asiyeweza kulipa hata senti.

Mfundishe mtu aseme mambo manne, kwa mpangilio huu. Kwanza nilichofanya, kwa jina lake. Pili kilichokupata kwa sababu yangu. Tatu nitakachorudisha, na lini. Nne ombi, bila kudai jibu. Maneno matatu hayaruhusiwi: "kama", "lakini" na "shetani".

Linganisheni. Mtunza hazina wa kwaya anasema, "Ndugu zangu, kama kuna mtu nilimkwaza kuhusu zile pesa, basi tusameheane, sote ni binadamu." Hapo hakuna aliyekosa wala aliyekosewa. Sasa: "Nilichukua shilingi 840,000 za sare za kwaya kati ya Machi na Juni, nikalipia kodi ya nyumba. Mliimba Pasaka kwa nguo za kuazima, na mwenyekiti akaitwa mwizi kwa ajili yangu. Nitalipa 70,000 kila mwezi kwa miezi 12, kuanzia mwezi ujao. Naomba mnisamehe. Najua mnaweza kuhitaji muda."

Sentensi ile ya mwenyekiti kuitwa mwizi ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo inayofungua mlango. Pesa hulipika. Jina la mtu halilipiki mpaka aliyelichafua alisafishe kwa mdomo wake, mbele ya walewale waliolisikia likichafuliwa.

Kutaja kosa waziwazi hakukuanza na sisi. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa watu kutubu mbele ya ndugu na kwenda kurudisha vitu walivyoiba. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya wananchi yaliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilimtaka anayekiri aeleze alifanya nini, wapi, na nani, na miili ya waliouawa ilitupwa wapi. Bila hayo, kukiri kwake hakukukubaliwa. Zoezi la darasani halihitaji uzito huo. Wape wawili wawili kosa la kubuni (deni la kikoba, umbea, mchango wa msiba uliopotea) waandike maneno manne na kuyasema kwa sauti. Wengi watateleza kwenye "lakini".

Aliyeumizwa anafanya nini kabla ya kikao

Mpe karatasi aigawe sehemu nne: alichofanya, nilichopoteza, ninachojisikia, ninachotaka. Asiyeandika na amweleze mtu mmoja anayemwamini. Sehemu ya nne huwa tupu mara nyingi, au ina neno moja, "haki". Msaidie aivunje vipande: nataka pesa, nataka aseme mbele ya fulani kwamba alinisingizia, nataka asije kwangu. Kisha, bila haraka, aulizwe kama yuko tayari kuachilia kisasi. Akisema bado, kikao kinangoja. Msamaha wa kulazimishwa unaongeza deni la pili juu ya la kwanza, na safari hii mdaiwa ni kanisa.

Hasira itarudi hata baada ya kusamehe. Usimwambie ilikuwa ishara kwamba hakusamehe. "Saba mara sabini" inaweza kuwa kosa moja linalokumbukwa mara nyingi, na kila mara linaachiliwa upya.

Kikao cha upatanisho

Wasuluhishi wawe wawili, inapowezekana mwanamume na mwanamke. Wasiwe ndugu wa upande wowote, wala wenye mkopo nao, wala wanachama wa kikoba kimoja na mmoja wao. Mchungaji akiwa ndiye anayelalamikiwa, wazee walio chini yake hawawezi kusuluhisha. Jambo lipande kwa mkuu wa jimbo, dekano au askofu, kwa kadiri ya utaratibu wa dhehebu. Na wakati linasubiri, asilijibu kwa vijembe vya madhabahuni. Aliye kwenye benchi hana maikrofoni.

Kila upande uonwe peke yake kwanza, dakika 45 hivi. Hapo ndipo mtagundua kama kuna vitisho au kipigo. Mkikigundua, acheni kikao na mrudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu.

Mahali pasiwe kwa mmoja wao. Viti viwe sawa, maana kumkalisha mmoja kwenye sofa na mwenzake kwenye stuli ni hukumu tayari. Simu zizimwe, zisiachwe kwenye mtetemo tu. Msipange baada ya ibada ya Jumapili, watu wakiwa na njaa na wengine wakisubiri nje kusikia matokeo. Dakika 90 zinatosha. Zikipita bila kumaliza, pangeni siku nyingine.

Anaanza aliyeumizwa, bila kukatizwa. Kisha mkosaji haruhusiwi kujibu mpaka arudie kwa maneno yake alichosikia, na mwenzake akubali, "Ndivyo nilivyosema." Hatua hii inachosha, watu wataomba iachwe. Msiiache. Magomvi mengi ya kanisani, hasa ya kwaya na ya michango, hugundulika hapo kwamba kila mmoja alikuwa anagombana na maneno ya mtu wa tatu. Ndipo mkosaji aseme yale manne. Kama wote wawili wana makosa, kila mmoja aseme lake kwa zamu, wala msiyakate moja kwa jingine kama hesabu za duka.

Aliyeumizwa ana majibu matatu halali: "Nimekusamehe", "Nipe muda", au "Nimekusikia". Wasuluhishi wasionyeshe kusikitika akichagua la pili au la tatu. Kushikana mikono si lazima. Kukumbatiana hata msikuombe.

Funga kwa makubaliano ya maandishi ya nusu ukurasa, nakala mbili: kiasi, tarehe, njia ya malipo, na sentensi moja ambayo wote wataitumia wakiulizwa na watu. Mfano: "Tulikaa, tumezungumza, tunaendelea vizuri." Sentensi hiyo ni kinga. Bila hiyo, kila mmoja atasimulia kikao kwa namna yake. Malipo yapite kwenye akaunti au namba ya kikundi, yasipite mkononi mwa msuluhishi, na ujumbe wa muamala utunzwe. Wala kumbukumbu za kikao zisipigwe picha na kutumwa kwenye simu.

Padre atofautishe kikao hiki na kitubio. Aliyoyasikia kwenye kitubio yamefungwa, hayawezi kuletwa mezani hata kama yangemaliza ugomvi wote.

Toba hadharani iwe na upana wa kosa

Kosa la wawili liishie kwa wawili. La jumuiya liishie jumuiyani. Pesa za usharika mzima zisemwe mbele ya usharika, kwa sentensi tatu au nne zilizoandikwa na kukubaliwa mapema, bila kutaja mtu mwingine. Ushuhuda wa papo kwa papo una hatari yake: anayetubu uzinzi hadharani anamtubia na mwenzake ambaye hakuombwa ruhusa, labda ana mume na watoto waliokaa benchi la tatu.

Na lipo jambo ambalo makanisa yenye desturi ya kutenga yanapaswa kuliangalia bila kupepesa macho. Binti mwenye mimba anapigishwa magoti mbele, akitengwa na Meza ya Bwana, na aliyempa mimba anaimba besi kwenye kwaya. Kama hamwezi kuwaita wote wawili, msimwite mmoja. Na kama binti ni mtoto, hapo hakuna mkosaji wa kike kabisa, kuna kesi.

Anayerudishwa kundini arudishwe kweli. Paulo anawaonya Wakorintho wasimwache aliyeadhibiwa amezwe na huzuni (2 Wakorintho 2:6-8). Siku ya kurudi ipangwe tangu siku ya kutengwa, ili adhabu isigeuke usahaulifu.

Baada ya kikao

Wasuluhishi wawaone wote wawili, kila mmoja peke yake, baada ya siku 14, kisha baada ya miezi mitatu. Maswali ni mawili tu: yaliyoandikwa yanatekelezwa? Kuna jipya? Siku 14 ndizo za umbea, kwa hiyo ziara ya kwanza isirukwe.

Yule mtunza hazina amesamehewa, anaimba, anashiriki. Funguo za sanduku hapewi. Hiyo si adhabu inayoendelea, na mwambieni hivyo waziwazi asije akaisikia kwa watu. Pengine na tatizo halikuwa lake peke yake. Mtu mmoja kukusanya, kutunza na kutoa taarifa ya pesa ni mtego. Kuanzia sasa wahesabu wawe wawili, sahihi ziwe mbili, taarifa isomwe kila robo mwaka, nani awe mtunza hazina haijalishi.

Akikosa rejesho la kwanza, msuluhishi amwendee ndani ya juma moja na kumuuliza kilichotokea. Huenda kuna ugonjwa nyumbani, na ratiba inaweza kuandikwa upya, 35,000 kwa miezi 24 kwa mfano, ila walioumizwa waulizwe kwanza. Hao ndio wanaodai, na wakitaka kulifuta lililobaki ni hiari yao. Wazee hawana mamlaka ya kusamehe pesa zisizo zao. Akikosa la pili bila neno, jambo lirudi mezani na mashahidi. La tatu, lisomwe mbele ya kikundi kilichodhulumiwa, nacho kiamue kama kitaendelea kungoja au kitaenda kwenye vyombo vya sheria.